Ukuta Uliolinda Magoti

Bhoke mwanangu,

Wewe na mamdogo wako mmekwenda sokoni Nyasho kutafuta ndoo yenye mfuniko na kandambili za bafuni, na kwa jinsi ninavyomfahamu Leokadia hamtarudi upesi, maana hawezi kupita meza ya vitenge bila kugusa kimoja kimoja. Nimebaki peke yangu na nyumba. Nimekaa kwenye kiti chako cha kusomea, meza imejaa jua, na nimechana karatasi katikati ya daftari lako la zamani la Kemia. Usinigombeze, umekwisha kufaulu.

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona asubuhi ulipofunga begi na kulifungua mara nne, ukitoa sweta na kulirudisha. Hali yangu mimi ni nzuri mpaka naona aibu kuiandika. Leo ni wiki ya tatu tangu nimuoe mamdogo wako, na kila asubuhi nikiamka nikaona kilemba chake kimetundikwa msumarini pembeni ya kofia yangu ya kazi, nakaa kitandani nakiangalia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu ambayo hata tiketi yake hakununua. Juzi nilikuwa napiga lipu choo cha jirani huku naimba. Jirani akaniuliza, "Fundi, umekunywa?" Nikamwambia nimeoa. Akasema, "Hiyo itakutoka tu." Haitanitoka, Bhoke. Miaka kumi na mbili nimepika ugali wa watu wawili. Nina haki ya kuimba kwenye choo cha watu.

Habari za kufunga mlango, za vidonge vya malaria, za chakula cha njiani na za watu wa stendi sitakuandikia. Leokadia amekujazia karatasi mbili, mbele na nyuma. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu mwaka jana na nataka ulijue kabla hujapanda basi la kesho, kwa sababu unakwenda kusomea kazi ya kupiga picha za eksirei, na maisha yako yote ya kazi utasimama nyuma ya ukuta uliopigwa lipu na mtu kama mimi.

Najua unavyowaambia wenzako. Nimekusikia kibarazani: "Chumba cha eksirei kule Bunda, baba yangu ndiye aliyekipiga lipu. Mionzi haipiti." Ulisema hivyo hivyo siku unajaza fomu ya chuo. Kila ukisema, mimi nilikuwa natafuta kitu cha kuokota chini. Ukuta unaousifu ni wa pili. Wa kwanza niliuharibu mimi, nikajua nimeuharibu, nikanyamaza. Na ule ukuta ulikuwa wa kumkinga Leokadia.

Nianze mwanzo. Kile kituo cha afya kilikuwa kinapata mashine mpya, na chumba chake hakikutaka lipu ya kawaida. Injinia alileta mifuko ya unga mweupe unaoitwa bariamu. Mfuko mdogo tu, unaweza kuukumbatia kama mtoto, lakini ukiuinua mgongo unakuuliza umeinua nini. Pale saiti tuliuita unga mzito. Unachanganywa na saruji na mchanga kwa kipimo, na ule uzito wake ndio unaozuia mionzi isivuke upande wa pili. Saruji na mchanga peke yake vinaweza kuzuia pia, lakini ukuta ungehitaji unene ambao ungekula nusu ya chumba.

Injinia alibandika karatasi ya maelekezo mlangoni. Changanya kidogo kidogo. Maji machache. Koroga mpaka karai liishe. Paka tabaka jembamba, likwaruze, liache likauke, ndipo upake jingine. Niliisoma yote, na Kidato cha Nne changu hakikunitupa, nilielewa kila neno. Injinia akatueleza na sababu. Unga ule ni mzito kuliko wenzake. Ukiutia maji mengi na kuuacha umetulia, unazama wote chini, na juu kunabaki saruji na mchanga tu.

Kuta za nje nilizipiga kama karatasi inavyosema. Ni kazi ya kuudhi. Lipu ya kawaida ukiitupa ukutani inashika. Hii inafikiria kwanza, halafu inateleza na kukuangukia miguuni. Unachanganya karai dogo, unapaka, unakoroga, unapaka, mkono wote unawaka moto. Mwisho nikabakiza ukuta mmoja mfupi wa ndani, wenye kidirisha cha kioo kizito, ambao mpiga picha anasimama nyuma yake anapobonyeza mashine. Ndipo siku hiyo akaingia mwanamke mwenye koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, akasimama mlangoni akiniangalia.

"Wewe ndiye fundi wa ukuta wangu?"

"Ndiye mimi, dada. Ukuta wako kivipi?"

"Nimehamishiwa hapa. Ni mimi nitakayekuwa nasimama hapo nyuma. Nimekuja kuiona ngao yangu."

Sikuwa nimejibu bado, lipu niliyotoka kuipaka ikabanduka yote, ikanidondokea kwenye kiatu.

"Naona nayo imekuja kukusalimia," akasema, akacheka.

Mwanangu, nikuambieje kuhusu kile kicheko. Unakisikia kila siku sasa, umekizoea. Mimi nilikisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na tatu, mwiko mkononi na saruji kwenye nyusi, na nikasahau kabisa nilichokuwa nafanya. Akaja karibu, akachota ule unga kwa ncha ya kidole. Akaniambia bariamu ndiyo hiyo hiyo wanayowanywesha wagonjwa wanapotaka kupiga picha ya tumbo, kwa sababu inaonekana nyeupe mahali mionzi iliposhindwa kupita.

"Kumbe unanyweka?"

"Uliosafishwa wa hospitali. Huo wako usiuonje, nitakosa fundi."

Nitakosa fundi. Nililirudia lile neno njia nzima mpaka Musoma.

Akasema atapita tena kesho kuangalia. Nami, badala ya kumshukuru Mungu na kuendelea na karai langu dogo, nikawaza: kesho akija, lipu isinianguke. Asubuhi yake nikachanganya nusu pipa zima kwa mkupuo, nikaongeza maji mpaka ikalainika kama uji wa mgonjwa. Alipofika nilikuwa nachota kwa juu na kupaka bila kukoroga, mwiko unaruka, mdomo unaongea. Haikuanguka hata tone. Bila shaka haikuanguka. Nilichokuwa napaka kilikuwa lipu ya kawaida, unga mzito umelala chini ya pipa. Na wewe umenishikia ngazi mara nyingi, unajua ukuta unapigwa kuanzia juu kushuka chini. Kwa hiyo juu, usawa wa kichwa na kifua chake, nilipaka mchanga na saruji. Chini, pipa lilipokaribia kuisha, ndiko ulikokwenda uzito uliochoteka.

Alipita siku tatu mfululizo. Siku tatu, matabaka matatu, nusu pipa tatu. Siku ya tatu aliupapasa ule ukuta kwa kiganja akasema, "Umenyooka kama shuka lililopigwa pasi." Nikahisi nimekuwa mrefu.

Alipoondoka nikaenda kuosha pipa. Chini kulikuwa na tope jeupe limeganda kama ukoko, mwiko ukagoma, ikabidi nigonge kwa sururu. Nilichuchumaa pale nikaelewa kila kitu. Kama ungekuwepo ungeniona uso. Ningeweza kumpigia Injinia saa ile ile na kubandua lipu ikiwa mbichi, kazi ya siku moja. Badala yake nikautupa ule ukoko kwenye shimo la vipande vya matofali, nikamwagia mchanga juu, nikapanda pikipiki.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikutaka tu yule aliyesema umenyooka aje asikie haukunyooka. Hakuna sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Mashine ilichelewa kufika, miezi ikapita. Nikajiambia labda haitafika. Kila Jumamosi nilikwenda Bunda na sato nimemfunga kwenye mfuko nyuma ya pikipiki. Leokadia ananiambiaga mpaka leo kwamba alizoea wanaume wanaotuma vocha, hakujua afanye nini na mwanaume anayeleta samaki mwenye magamba. Akajifunza kumparua mbele yangu. Tukakaa kwenye ngazi za nyumba yake tunaparua magamba, ananisimulia mifupa ya watu aliyoiona, na mimi namsimulia nyumba za watu nilizozijenga. Nilikuwa na furaha, Bhoke, na ndani ya furaha kulikuwa na ukuta. Akisema neno "kazini," nahamishia maneno kwenye samaki.

Halafu mashine ikaja. Wakaifunga, na ikabaki kumsubiri mtaalamu wa mionzi aje kupima chumba kabla ya mgonjwa wa kwanza. Wiki ile ile ndiyo tuliyokuwa tumepanga nimpeleke Butiama kwa bibi yako.

Unamjua bibi yako. Alimpokea kwa kumkagua kama anayenunua ng'ombe. Leokadia akapiga goti, "Shikamoo mama." "Marahaba. Simama nikuone urefu." Akamkalisha, akampa ugali wa muhogo na samaki wa furu waliokaushwa, akamwangalia mpaka alivyotoa miiba. Aliporidhika akauliza, "Na hiyo kazi yako ya mashine, nasikia inachomaga watu kwa ndani bila moto. Wewe unajikingaje?"

Leokadia akacheka, akaninyooshea kidole. "Nasimama nyuma ya ukuta, mama. Na ukuta wenyewe kaupiga lipu mwanao."

Bibi yako akaacha kutafuna. Akanigeukia, uso wote umefunguka, sijawahi kuona akiniangalia vile tangu utotoni. Akamshika Leokadia mkono akasema, "Basi upo salama, mwanangu. Huyu ana mambo yake mengi, lakini ukuta wake haudanganyi."

Nikaliacha tonge sahanini. Nikatoka nje, nikaenda mpaka pale panapoanikwa muhogo, nikasimama juani. Leokadia akanifuata akidhani naumwa. Nikamwambia pale pale, kati ya mikeka ya muhogo. Nilimwambia habari ya nusu pipa, maji, ukoko na lile shimo.

Hakupiga kelele. Akainama akaokota kipande cha muhogo kilichokuwa kimeanguka, akakirudisha kwenye mkeka.

"Kwa nini umeniambia leo?"

"Kwa sababu mama amesema upo salama."

"Na kama mama asingesema?"

Nikasema, "Labda mpimaji angegundua mwenyewe."

"Labda," akasema. "Mimi siolewi na labda. Kesho asubuhi nenda kamwambie daktari mfawidhi kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea." Akaingia ndani, akamuaga bibi yako vizuri kabisa, hata akacheka, akapanda gari la Bunda peke yake.

Nilirudi Musoma na pikipiki nikiwaza habari yako wewe, na barabara ya Suguti. Sijui kama unaikumbuka. Tulikuwa tunakaa kule nikijenga madarasa, wewe una miaka sita, na mama yako mzazi alipofariki nilikupeleka kwa bibi mpaka mazishi yakapita. Uliporudi nikakuambia mama amekwenda kwao Tarime kupumzika. Nilidhani nakulainishia. Ukawa kila siku ya gulio unakwenda kukaa barabarani kuangalia magari yanayoshusha watu, na jioni unabakiza kichwa cha samaki kwenye kikombe, "cha mama." Nilikiona kile kikombe. Nilikula kile kichwa nikijificha ili asubuhi udhani nimemtunzia mama. Mpaka msichana mmoja akakuambia kisimani. Ulirudi na ndoo tupu, ukaniuliza bila kulia, "Baba, mtu anarudigi kutoka kaburini?"

Nilikuwa nimeahidi siku ile kwamba sitarudia. Na hapa nilikuwa nimerudia, kwa mtu mwingine niliyempenda, kwa mkono ule ule. Sikuogopa kwamba Leokadia ataniacha, au tuseme niliogopa, niliogopa sana, lakini kulikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi chini yake. Niliogopa kwamba mimi ndivyo nilivyo.

Asubuhi nikawa mlangoni kwa daktari mfawidhi kabla hajafika. Akanisikiliza, akamwita Injinia. Injinia akasema, "Karatasi niliibandika mlangoni." Nikamwambia niliisoma. Ingekuwa rahisi kusema sikuelewa. Wakakubaliana mtaalamu apime kwanza, na mashine isiguswe na mtu kabla ya hapo.

Siku ya kupima Leokadia alikuwepo, hakunisalimia. Mpimaji akaweka ndoo ya maji mezani mahali pa mgonjwa, kwa sababu maji yanatawanya mionzi karibu kama mwili wa mtu, akatutoa sote mpaka ukumbini, tukawa tunaona namba kwenye kioo kidogo alichokishika. Kifaa chake akakisimamisha nyuma ya ule ukuta mfupi, chini kabisa, mashine ikapigwa. Kifaa kimya. Akakipandisha usawa wa mapaja. Namba ikasogea kidogo. Usawa wa kifua ikapanda. Usawa wa uso wa Leokadia, ikapanda tena, mpimaji akatikisa kichwa akaandika.

Ndipo Leokadia akasema, akimwangalia mpimaji na si mimi, "Kwa hiyo fundi wangu amenilinda magoti."

Daktari akakohoa ili asicheke. Mimi niliangalia sakafu, Bhoke, lakini nililisikia lile neno. Alisema "fundi wangu."

Nilikuambia wakubwa wamebadilisha ramani, ndiyo maana narudia kazi. Hawakubadilisha kitu. Nilikuambia pia pikipiki imekufa injini. Injini ilikuwa nzima. Niliiuza, ikageuka mifuko mipya ya unga mzito, kwa sababu mfuko uliopotea kwa ujinga wangu haukuwa wa kituo kuulipia. Hayo ndiyo mambo mawili ya uongo yaliyobaki, nimeyatoa, hakuna jingine.

Kubandua lipu kavu kwa tindo ni kazi ya jela. Vumbi jeupe linaingia mpaka kwenye meno. Leokadia alikuwa akipita ukumbini bila kugeuza shingo. Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu nilikuwa nakohoa, nikasikia kitu kimetua begani. Barakoa. Alikuwa amesimama mlangoni pale pale aliposimama mara ya kwanza.

"Vaa hiyo. Sitaki mchumba anayekohoa."

Nikaivaa saa ile ile, nikaokota tindo.

Nilipoanza kupaka upya alileta kigoda, akakaa. Karai dogo, maji ya kupima kwa kikombe. Kila nilipoinua mwiko kuuelekeza ukutani, anasema, "Koroga." Nakoroga. Napaka, narudi karaini. "Koroga." Tabaka la kwanza likaanguka mara tano, na mara zote tano nikaliokota mbele yake. Nikagundua kitu ambacho ningekigundua mapema ningeokoa mengi: alikuwa hajali linapoanguka. Tangu siku ya kwanza hakujali. Lililomchekesha siku ile lilimfurahisha tu, na mimi nikalichukua kama hukumu.

Sasa unajua. Siku ya harusi, tulipokuwa tunanyweshana chai mbele za watu na Leokadia akaninong'oneza nikaanza kucheka mpaka chai ikanimwagikia suti, wote mlituuliza amesema nini. Alisema, "Koroga." Na kila asubuhi nikimimina sukari kikombeni, yeye akiwa amenipa mgongo jikoni, analisema bila kugeuka. Nyinyi mnadhani ni mambo ya sukari.

Mpimaji alirudi lipu ilipokauka vizuri. Ndoo ile ile ya maji. Chini kimya. Mapaja kimya. Kifua kimya. Alipokipandisha kifaa usawa wa uso nilifumba macho kama mtoto, nikasubiri, sikusikia kitu, nikafumbua nikaona anafunga begi lake. Akasema, "Huu uache hivyo hivyo." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za kituo, na pumzi niliyokuwa nimeishika tangu siku ya lile pipa ikatoka yote kwa mara moja, mpaka mama mmoja aliyebeba mtoto akaniuliza kama nimepata majibu mabaya. Nikamwambia hapana mama, nimepata mazuri.

Hata leo nikimuaga Leokadia Jumatatu asubuhi akienda Bunda, najua anasimama wapi. Sijui kama kuna mume mwingine katika mkoa huu wa Mara anayejua kwa kipimo kwamba amemkinga mke wake kuanzia utosini mpaka kwenye kisigino. Huo ndio utajiri wangu, ndiyo maana naimba chooni.

Sasa wewe unaondoka, na sina la kukuagiza kubwa. Utakutana na kuta nyingi zilizonyooka. Omba kipimo kipite juu mpaka chini kabla hujasimama nyuma yake, na yeyote atakayekuambia una maswali mengi, mwambie baba yako ni fundi lipu. Na siku utakayoharibu wewe, maana utaharibu, utapiga picha ya mguu usio wenyewe, utasahau kitu, utasema neno kwa mgonjwa usilopaswa kusema, nipigie simu lipu ikiwa bado mbichi. Sitakuuliza kwa nini. Nitakuuliza tu uko wapi na umekula nini.

Na kuhusu kile kichwa cha samaki, nisamehe. Sijawahi kukuomba hilo kwa maneno. Uliponiuliza swali lile la kaburi nilikushika tu mkono, tukaenda kuteka maji tena. Ulikuwa unastahili zaidi ya ndoo ya maji.

Chini ya begi lako, ndani ya ile soksi ya sufi, nimeweka vipande viwili vya lipu ya ukuta wa kwanza. Kimoja nilikibandua juu, kingine chini. Nimevichonga vilingane, ukiviangalia huwezi kuvitofautisha, hata mimi siwezi. Kila kimoja kiweke kwenye mkono wake, ufumbe macho. Utajua mara moja.

Kile chepesi baki nacho. Kile kizito urudi nacho likizo ya Desemba, kwa sababu mamdogo wako alikuwa anakitumia kuzuia mlango wa jikoni, na upepo wa ziwa umeanza tena kuubamiza. Nasikia sauti yake huko barabarani, anakuambia jambo na wewe unacheka. Ngoja nikawapokee mizigo.

Baba yako,
fundi lipu, mume wa Leokadia